Siku Nne Nyuma ya Ngamia

Mgeni alikuwa mama wa Kijerumani, mwalimu mstaafu, kofia kichwani, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Aliisoma karatasi yetu mbele na nyuma, akaigeuza tena mbele, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha kujifunzia kitabuni, kila silabi mahali pake: "Je, wewe mwenyewe umekwenda?"

Nikasema ndiyo.

Nilisema upesi, bila kupepesa macho, kama mtu aliyeulizwa kama ameshakunywa chai. Naye akafungua mkoba, akahesabu dola zake, akalipa. Wala sikuwa nimekwenda. Sikuwa nimekanyaga hata Ngarenanyuki, na Ngarenanyuki ndiko alikozaliwa bibi yangu.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kukaa mezani kwenye ofisi moja ya utalii mjini Arusha, chumba kimoja juu ya duka la simu, hatua chache kutoka Mnara wa Saa. Wewe msomaji wa Arusha unaijua mitaa ile. Akipita mtu na begi mgongoni na ngozi nyeupe, vijana watano wanamfuata kwa mpigo, huyu anamwuzia batiki, huyu ramani, huyu Serengeti, huyu mlima. Flaikacha, tunawaita. Sisi wa ofisini tulijiona watu wa maana zaidi kwa sababu tulikuwa na meza, mhuri na feni. Lakini uongo tuliouza ulikuwa mmoja, ila wa kwetu ulipigwa mhuri.

Kati ya safari zote tulizouza, iliyonipa taabu kuieleza ni ile ambayo bosi aliipa jina la "Jangwa la Wamaasai: siku nne kwa miguu na ngamia." Picha tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ngamia watatu na jua linazama. Maneno niliyatunga mimi. Niliandika "ukimya usio na mwisho." Niliandika "mchanga wa dhahabu." Mchanga gani, jamani? Nilikuwa nimeona sinema.

Maana tuseme kweli, Tanzania haina jangwa. Ina nyika na ina nchi kame, lakini jangwa lile la vilima vya mchanga hatuna, na mgeni anayelitaka aende Namibia au Oman. Tulichokuwa tunauza ni mgongo wa Mlima Meru. Upande wetu wa kusini, kuanzia Poli kwenda Akeri na Nkoaranga, mvua inanyesha mpaka migomba inaegemeana kama walevi. Ukiuzunguka mlima kwenda kaskazini unakuta nchi nyingine kabisa. Upepo wa mvua unatoka Bahari ya Hindi, unagonga mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, unapanda, unapoa, unatua mzigo wake huku kwetu. Ukifika upande wa pili umebaki upepo mtupu. Vitabu vya jiografia vinaita kivuli cha mvua. Bibi anasema mlima umewapa mgongo watu wa kule, kama mtu aliyekasirika kitandani.

Bibi anayo haki ya kusema. Alikuwa na umri wa miaka minane mwaka 1951, mwezi wa Novemba, serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi ile wapewe walowezi wa kizungu wafuge ng'ombe wao. Nyumba zilitiwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake, miaka mitatu kabla ya Nyerere kufika pale pale. Alisikilizwa, lakini ardhi haikurudi kwa maneno yale. Ilikuja kurudi baadaye sana, na wakati huo baba yake Bibi alikuwa ameshapanda migomba Poli na kuzika watoto wawili huko, akakataa kuhama tena.

Hayo niliyasoma shuleni na vitabuni. Bibi hasimulii hivyo kabisa. Yeye anasimulia habari za mfereji uliopita nyuma ya nyumba yao na kuku mmoja mwekundu aliyebaki. Na ukimwangalia akicheka unaona meno yake ya kahawia, maana maji ya huko yana floridi nyingi na mtoto akiyanywa wakati meno yanaota, rangi ile haitoki tena. Ukanda wote wa Meru una floridi, ila kule ni kali zaidi. Mama yangu, aliyezaliwa Poli, meno yake yana madoa kidogo tu. Kwa hiyo katika nyumba yetu Ngarenanyuki ilikuwepo kila siku, mdomoni mwa Bibi, na hakuna aliyekwenda kuiona.

Basi yule mama wa Kijerumani alipoondoka na risiti yake, nilikaa vibaya siku nzima. Na jioni, ndani ya daladala la Usa River, nikaamua.

Pesa nilikuwa nazo. Shilingi 420,000, na kila mtu nyumbani alijua ni za nini: bati za jiko la Mama, ambalo masika yale lilikuwa limevuja mpaka kuni zikaota uyoga. Nilipomwambia Mama kwamba naazima pesa za bati niende kutembea porini siku nne, hakunielewa. Aliniomba nirudie.

"Kulipa? Wewe ndiye unayelipa?"

"Ndiyo Mama."

"Mwanangu, watu wanalipwa kwenda porini. Baba yako mdogo amebeba mizigo ya Wazungu mlimani miaka kumi na moja, hajatoa hata thumuni."

Nikamwambia ni kwa ajili ya kazi. Nusu ilikuwa kweli. Bibi alikuwa amekaa pale pale akichambua maharage, hakusema neno. Niliondoka nikidhani hakusikia.

* * *

Ilikuwa Septemba 2022, mwaka wa ukame. Nililipia kupitia rafiki yangu wa ofisi nyingine ili bosi asijue, nikaungana na mume na mke kutoka Uholanzi, maana safari ya mtu mmoja ingenimaliza kabisa. Wao walikwenda kwa gari la kukodi. Mimi nilipanda Land Rover ya abiria pale Usa River, zile kuukuu ambazo mlango wake unafungwa kwa waya, tukabanana watu kumi na saba na matenga matupu ya nyanya.

Njia ya Ngarenanyuki inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hili hujalifikiria mpaka likukute. Tulipofika kwenye uwazi karibu na Momela walisimama twiga sita kando ya barabara, karibu kabisa, mpaka unaona kope zao. Ndani ya Land Rover hakuna aliyegeuza shingo. Mama mmoja alikuwa akilalamikia bei ya vitunguu. Mbele yetu gari la watalii limesimama, watu wamechomoza juu kama kunguru kwenye paa, wanapiga picha. Mimi peke yangu nilichungulia dirishani, halafu nikaona haya nikajifanya natafuta simu.

Ngarenanyuki kwa Kimaasai ni maji mekundu. Nilikuwa nimetegemea kuona ukiwa. Nilikuta nyanya! Mashamba ya nyanya na vitunguu, mifereji inatiririka, pikipiki zimebeba matenga marefu kuliko nyumba, vijana wenye mabuti ya mpira. Mto upo, na maji yake kweli ni ya kahawia. Nilishuka, nikasimama darajani labda dakika tano. Nilijaribu kuhisi kitu. Kilichonijia ni njaa, nikanunua mahindi ya kuchoma.

Ukisonga mbele kidogo kwenda Mkuru, kijani kinakatika ghafla, kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Udongo unakuwa wa kijivu, majivu ya volkeno, vumbi laini kama unga wa sembe. Pale ndipo kambi ya ngamia ilipo, na juu yake kilima cha Landaree kimechongoka kama piramidi. Tukapokelewa na watu wanne: kiongozi, mtu wa makamo mwenye shuka nyekundu na kofia ya sufu, morani wawili wa kuongoza ngamia, na mpishi.

"Takwenya," kiongozi akanisalimia.

"Iko," nikajibu, na huko ndiko Kimaasai changu kilikoishia.

Akanitazama sekunde moja zaidi ya ilivyo kawaida. Nilidhani anashangaa kuona mtalii mweusi. Alikuwa na meno ya kahawia, kahawia ile ile ya Bibi.

* * *

Sasa nikwambie jinsi siku inavyokwenda, maana hili ndilo nililokuwa nikilipamba kwenye karatasi.

Mnaamka kabla ya saa kumi na mbili. Baridi inauma, na hii watu hawaijui, wanadhani nchi kame ni joto tu. Ngamia wanapigishwa magoti, wanatandikwa magunia na miti, wanafungwa madumu ya maji, mahema, sufuria, nao wanalalamika muda wote kwa sauti ya mtu anayetapika. Ukitaka kupanda unapanda. Ngamia anainuka kwanza kwa miguu ya nyuma, kwa hiyo unarushwa mbele, na kama hukuambiwa mapema unambusu shingo. Nilipanda dakika arobaini siku ya kwanza. Mapaja yaliniuma siku mbili. Tangu hapo nilitembea nyuma yao, na ukweli ni kwamba nyuma ya ngamia ndipo mahali pazuri zaidi: hatua yao haina kishindo, mguu ni mto laini, hautifui vumbi kama kwato za ng'ombe.

Mnatembea mpaka saa nne na nusu. Halafu mnakaa.

Hapa ndipo karatasi yangu iliponyamaza. Kuanzia saa nne na nusu mpaka saa tisa mnakaa chini ya mgunga, na kivuli cha mgunga si kivuli, ni chekeche. Jua linapita. Mnasogea. Linawafuata. Inzi wanatafuta maji kwenye kona za macho yako. Mume wa Kiholanzi alimaliza kitabu chake siku ya kwanza, siku ya pili akaanza kukisoma tena kutoka mwanzo. Mimi simu yangu ilikufa chaji saa tano asubuhi ya siku ya pili na nilihisi kama nimefiwa. Nilihesabu pesa zangu: 420,000 kwa siku nne, yaani bati tatu kwa siku, na hapo ilikuwa saa sita mchana na nilikuwa nimekaa kwenye vumbi nikitazama mchwa wamebeba jani. Nilikasirika kweli kweli. Nilimkasirikia yule mama wa Kijerumani kwa kuniuliza.

Ila alasiri ya siku hiyo ya pili kitu kilibadilika, sijui hata nikiite nini. Labda nilichoka kukasirika. Kiongozi alikuwa na tabia ya kutosema mpaka aulizwe, na mimi nikaanza kumwuliza. Mti huu? Mswaki, akavunja tawi akanipa, nikapiga meno mpaka jioni. Yule kule aliyesimama kwa miguu miwili akila majani kama mbuzi aliyesoma? Swala twiga, hahitaji kunywa, maji anayapata kwenye majani. Njia hii iliyochimbika? Ya punda, wanawake wanafuata maji. Mbali kiasi gani? Akaelekeza kwa kidevu upande wa kusini, kwenye mlima wetu, ambao sasa ulikuwa nyuma yetu, wa samawati, na wingu limekaa juu yake upande ule wa kwetu tu. Niliona kwa macho yangu. Wingu lilifika kileleni likasimama, kama lori lililofika kizuizini. Kulia kwetu Kilimanjaro, mbele Longido, na huku hakuna hata tone.

Asubuhi ya siku ya tatu tulipita penye mizoga. Sitaieleza sana. Ng'ombe kumi na mmoja, ngozi tu na mifupa, wamelala karibu karibu kama waliokuwa wakizungumza. Mke wa Kiholanzi akauliza kama ni simba. Kiongozi akasema hapana, ni njaa. Akasema mwaka 2009 ilikuwa mbaya zaidi, ng'ombe waliisha Longido na Monduli, baba yake alibaki na ng'ombe wanne kati ya themanini, na ngamia wawili ambao wazee wenzake walikuwa wakimcheka kwa kuwanunua. Maana ngamia si mnyama wa Wamaasai wa huku. Waliletwa kutoka Kenya, kwa mradi wa mifugo, miongo michache tu iliyopita. Wazee walisema mnyama gani huyu, shingo ya mbuni na mdomo wa sungura. Lakini ukame ulipokaa, ng'ombe walikauka maziwa, na ngamia akaendelea kukamuliwa, kwa kuwa anakula miiba ya juu ambayo ng'ombe haifikii na anaweza kukaa siku nyingi bila maji, halafu akiyapata anakunywa zaidi ya lita mia kwa kikao kimoja.

"Sasa hawacheki," akasema.

Mchana huo tulipumzika karibu na boma moja. Mama mwenye nyumba alituletea maziwa ya ngamia kwenye kibuyu. Yana chumvi kidogo na harufu ya moshi. Mume wa Kiholanzi akatoa kamera, yule mama akafunika uso, akasema kitu. Kiongozi akatafsiri: picha ni shilingi elfu kumi. Mzungu akanuna, akaniambia pembeni kwamba biashara imeharibu watu hawa. Nilitaka kumwambia kwamba yeye mwenyewe yuko pale kwa biashara, na mimi pia, na ngamia pia. Nikanyamaza, nikanywa maziwa.

* * *

Usiku wa tatu moto ulikuwa umebaki makaa. Waholanzi wamelala. Nyota za kule, msomaji, niliziandikia maneno mengi kwenye karatasi ile na hapa sitaandika hata moja. Nilikuwa nimejifunga kitenge viwili, nimekaa upande wa moto, kiongozi upande wa pili anachokonoa jivu kwa kijiti.

"Dada, nikuulize kitu?"

"Uliza, kaka."

"Hujawahi kunipigia simu?"

Nikasema sidhani.

"Sauti yako naijua," akasema, taratibu, wala si kwa ugomvi. "Tangu uliposema iko. Wewe ni yule wa Ijumaa."

Nilielewa kabla hajamaliza. Mwezi wa saba tulikuwa tumepeleka kwao wageni watatu, siku nne. Wageni walilipa ofisini, pesa taslimu, nami ndiye niliyezipokea na kuandika risiti. Sehemu ya watu wa ngamia ilikuwa shilingi 360,000, watu wanne wagawane, na bosi aliniambia asubiri kidogo. Kiongozi akawa anapiga simu. Mimi ndiye niliyekuwa napokea. Nilikuwa na sauti yangu ya ofisini, tamu, laini: "Ijumaa, kaka, Ijumaa bila wasiwasi." Nikikata simu naendelea na chapati yangu. Kwangu yule hakuwa mtu, alikuwa namba iliyoandikwa "Ngamia 2" kwenye simu ya ofisi.

"Ijumaa tisa," akasema. "Nimezihesabu. Mke wangu naye alikuwa anazihesabu, halafu akaacha."

"Kwa nini hukusema siku ya kwanza?"

Akacheka kidogo, yale meno yakaonekana kwenye makaa. "Wewe ni mgeni. Umelipa. Mgeni anapewa kwanza njia." Kisha akaongeza, "Nilitaka pia uone kazi yenyewe."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwuliza siku nne hizi, za pesa zangu, yeye anapata kiasi gani. Akanitajia. Sitakiandika hapa kwa sababu ni mfuko wa mtu, lakini ningeweza kukilipa kwa nauli yangu ya wiki mbili, na mimi nauli yenyewe ni ya daladala. Akanyoosha mkono akasogeza sufuria ya chai kwenye makaa, akanimiminia. Tulikunywa kimya. Niliandika "ukimya usio na mwisho", siyo? Basi ndio huo.

Siku ya nne, Jumatano, tuliingia Longido, na ilikuwa siku ya mnada. Vumbi, mbuzi, magari ya Namanga, muziki wa kila duka, madalali wanashikana mikono ndani ya shuka. Ng'ombe waliokuwa wakiuzwa walikuwa wamekonda kiasi kwamba bei ilitia huruma kuisikia. Waholanzi walifurahi kupata soda baridi. Morani waligeuza ngamia palepale kurudi Mkuru, hawakupumzika hata saa moja. Nilimpa kiongozi mkono. Nilitaka kusema Ijumaa, ulimi ukakataa.

Nilirudi Arusha kwa Noah, watu kumi ndani, nikiwa nanuka moshi na ngamia mpaka kijana aliyekaa karibu nami akafungua dirisha.

* * *

Alhamisi niliingia ofisini nikamweleza bosi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, nimeipanga njia nzima. Hakukataa. Ndiyo iliyoniudhi zaidi. Alisema, "Kweli, kweli, tuwalipe," akafungua droo, akanipa laki moja na themanini, nusu, na kusema nusu iliyobaki ni Ijumaa. Nikaituma kwa simu mbele yake. Nusu ya pili nilimdai wiki tatu, kila asubuhi, kabla sijaweka hata mkoba, mpaka akaanza kuingia ofisini kwa mlango wa nyuma. Aliitoa. Siku aliyoitoa aliniambia kwamba mfanyakazi anayewatetea watu wa nje si wa ndani, na mwisho wa mwezi wa kumi na moja hakuniongezea mkataba. Sasa nauza safari hizo hizo kwa rafiki yangu, yule wa ofisi nyingine. Mshahara ni mdogo zaidi. Bati za jiko ziliwekwa mwaka uliofuata, na Mama bado anazitaja kila mvua ikinyesha: "Hizi zilichelewa kwa sababu ya ngamia."

Wageni wanaendelea kuniuliza kama inafaa. Nawajibu kufuatana na ninavyowaona. Anayetaka wanyama namwambia aende Tarangire, atawaona wengi zaidi kwa siku moja, na matako hayatauma. Anayetaka mchanga wa dhahabu namwambia hakuna. Kijana mmoja wa Dar aliniambia anataka kukaa kimya akasahau mchumba. Nikamwambia saa nne na nusu mpaka saa tisa chini ya mgunga atamkumbuka mchumba mpaka nguo aliyovaa. Alikwenda hata hivyo. Alirudi amechomwa na jua, hakusema kitu juu ya mchumba, akauliza safari ya wiki nzima mpaka Ziwa Natron ni kiasi gani. Kama mtu anaweza kukaa, na kama anaweza kuvumilia kutoburudishwa, namwambia aende, tena aende mwezi wa sita au wa saba kabla vumbi halijashika. Na namwambia aulize mwenye kamba ya ngamia anapata ngapi. Wengine hawauzwi tena baada ya hapo, wanakwenda zao, rafiki yangu ananitazama. Lakini hiyo sehemu nimeshaizoea.

Nimesahau kusimulia jioni ile niliporudi.

Bibi alikuwa amekaa palepale nilipomwacha, na safari hii alikuwa anamenya ndizi. Kumbe alisikia kila kitu. Aliniita nikae, akanishika mkono akaunusa.

"Mlipita kwenye mto?"

"Tulipita Bibi. Nilisimama darajani."

"Maji bado mekundu?"

"Mekundu. Ya kahawia."

"Na mfereji? Ule unaotoka kwenye mkuyu mkubwa, unapita nyuma, unakata kona kama kiwiko?"

Nikamwambia mifereji ni mingi sasa, ya nyanya. Mkuyu sikuuona.

"Uliuliza?"

"Sikuuliza, Bibi."

Akaendelea kumenya. Kisu kilizunguka ndizi yote, ganda likatoka zima, akaliweka chini.

"Basi hukufika," akasema. Halafu baada ya kitambo, bila kuniangalia: "Hiyo Land Rover. Nauli yake ni kiasi gani?"

Nikamtajia. Alinyamaza, vidole vinahesabu juu ya khanga.

"Na mtu mzima anakaa mbele, au anabanwa na matenga?"

"Mbele, Bibi. Nitamwambia dereva."

"Mwambie Jumamosi," akasema. "Jumapili nina kanisa."